Jembe Halichukuliwi kwa Simu

Murusagamba,
3 Agosti 1997

Mdogo wangu Anastazi,

Kabla hujaniamkia, marahaba. Hapa tu wazima kwa kiasi cha watu walio kwenye msiba. Ng'ombe mwekundu amezaa, maziwa tunagombania na ndama. Maharage yameungua yote. Tangu mvua za mwaka jana zilipotukimbia, hata migomba ya nyuma ya nyumba inasimama kwa kuona haya tu. Mwambie mkeo Suzan kwamba kitenge chake kilifika na ninakivaa kanisani, watu wanipishe.

Barua hii ameibeba Verediana, yule muuguzi wa hapa jirani Rulenge anayekuja Tanga masomoni. Hatapita nayo posta, kwa hiyo leo nasema yote bila kuzunguka.

Aline, binti wa shangazi yetu, bado yuko bondeni na watoto wake wawili. Unakijua kile kibanda cha kuwingia ndege wa mtama. Baba alimweka pale mwaka jana alipovuka mpaka kutoka Burundi, na ukipita barabarani huoni kitu isipokuwa mafunjo. Kule Lukole, kambi ya wakimbizi, hataki kukaa. Alikwenda siku moja, akamwona mtu kwenye foleni ya maji, akarudi huku kwa miguu na ndoo tupu. Mtu huyo ni nani, alifanya nini kule kwao, hasemi. Nami sikumuuliza, maana niliona alivyoikumbatia ile ndoo.

Sasa neno lililonikalisha niandike. Baba yuko chini ya udongo tangu Mei. Wewe ndiye mwanawe wa kiume, wa pekee. Unajua sheria yetu kama ninavyoijua mimi: mpaka mwana ashike jembe la marehemu na kupiga udongo wa kwanza, siku ile ya kuganduka tunapoondoa msiba, hakuna anayejenga katika mji huu wala anayehamisha mafiga. Ukihamisha moto, kifo kinahama nao. Baba mdogo Ndikumana anailinda sheria hiyo kama askari wa benki.

Hukuja kuzika. Ulisema ruhusa ilichelewa, nikakubali. Nimeshatenga mtama wa pombe. Taja siku.

Na kwenye barua za posta, Aline mwite "mgeni". Zinapita mikono mingi kabla katekista hajanifikishia.

Dada yako,
Theodosia


Tanga,
30 Agosti 1997

Dada, shikamoo.

Verediana amefika salama. Karanga zako zililiwa na watu wa ofisini kabla sijavua viatu. Suzan anakusalimu, mtoto ana meno mawili na anauma kila anayembeba bila kuchagua ukoo. Nafurahi kwamba ng'ombe amezaa.

Dada, mtoe mgeni bondeni.

Sisemi hivyo kwa ajili ya watu, nasema kwa ajili ya maji. Najua unacheka, jua lilivyo kali. Lakini sikiliza. Kazi yangu unaiita kuteka maji ya bahari na kuyamwaga, na kweli ndivyo ilivyo: kila asubuhi natoka na mashua ya bandari, nashusha ndoo, natia kipimajoto, naandika, namwaga. Mwezi huu maji yana joto ambalo si la Agosti. Nilidhani kipimajoto kimekufa, nikachukua kingine, nacho kikasema yale yale.

Wewe umewahi kuona gongo likipikwa, usijifanye mtakatifu. Pipa linachemka, mvuke unapanda, ukipita kwenye mrija wenye ubaridi unageuka matone. Mvua ni hivyo hivyo. Bahari ndiyo pipa, jua ndilo kuni, na hewa ya juu yenye baridi ndiyo mrija. Bahari ikizidi joto, hewa inabeba maji mengi zaidi. Ila hapa pipa nalo linatembea. Kwenye bahari ile kubwa kuliko zote, Pasifiki, kwa kawaida upepo husukuma maji ya moto kwenda upande wa Asia. Mwaka huu upepo ule umelegea, maji ya moto yamerudi nyuma kuelekea Amerika, na njia za hewa zimevurugika dunia nzima. Sasa bahari yetu ya Hindi nayo inapata joto upande wetu huu, na upepo unaelekea kwetu. Upepo unayasukuma maji, maji yanaugeuza upepo. Ukiuliza nani alianza hupati jibu, kama ugomvi wa wake wenza.

Hakuna wa kukuapia mvua itaanguka siku gani na kwa nani zaidi. Lakini mimi ningekuwa na mtu bondeni, usingizi nisingeupata.

Kuhusu kuganduka, kazi zimebana sana. Tuangalie mwaka mpya.

Mdogo wako,
Anastazi


Murusagamba,
28 Septemba 1997

Mdogo wangu,

Marahaba. Mtoto anayeuma kila mtu amerithi kwa bibi yako. Ndama wetu amekufa. Hakukuwa na majani.

Barua yako nimeisoma mara nyingi mpaka imelegea. Umeandika karatasi mbili juu ya bahari na mstari mmoja juu ya baba.

Nilimpelekea Baba mdogo Ndikumana habari zako. Nikamweleza pipa, mrija, upepo na wake wenza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Bahali ya nani? Mvua ni ya Mungu, si ya serikari." Kisha akaniuliza kama huyo anayepima joto la bahari ameshindwa kupima njia ya kurudi kwao. Nikachukua kikapu changu nikarudi nyumbani.

Mvua hata tone. Kisima cha juu kimekauka, sote tunateka bondeni, ng'ambo ya mafunjo ya mgeni, kule kule unakoniambia nikuogope. Lakini nakusadiki. Tangu utoto hukuwahi kunidanganya kwa jambo usilofaidika nalo.

Basi nisaidie. Askari wameanza kupita vijijini, wanawakusanya wageni wote walio nje ya kambi na kuwapeleka Lukole. Ni amri, na wanaitimiza. Nyumba yetu iko barabarani. Nikimweka mgeni ndani, wataingia na kumkuta. Mahali pekee pa kumsitiri ni hapa: nyuma kabisa, ndani ya migomba, nimjengee kibanda kidogo. Na siwezi kujenga, kwa sababu jembe linakungoja wewe. Vijana wote niliowaita kunichimbia nguzo wamekataa, wanasema hawatabeba kifo cha mzee wetu Ntirampeba majumbani mwao. Hata mgeni mwenyewe anasema hatoki mpaka msiba uondolewe. Alizika mume bila kuganduka, anaamini ndiyo maana hatulii.

Kwa hiyo chini kuna maji yako, juu kuna macho ya watu, na katikati uko wewe hutaki kuja. Kazi zimebana, unasema. Anastazi, mtu akifiwa na baba, hata mkoloni alikuwa anatoa ruhusa. Unaogopa nini?

Theodosia


Tanga,
26 Oktoba 1997

Dada, shikamoo.

Pole kwa ndama. Sisi tu wazima. Suzan amenigeuzia mgongo tangu alipoisoma barua yako, chakula ananiwekea mezani bila neno.

Umeniuliza, nami nakujibu. Ofisini wanahakiki uraia wa watumishi, mmoja mmoja. Wanauliza umezaliwa wapi, na baba yako alizaliwa wapi. Nilipoajiriwa niliandika kwamba baba ni Mhangaza, mwenyeji wa Murusagamba. Mimi nilizaliwa hapo, ni kweli, lakini yeye hakuzaliwa hapo, alikuja akiwa na wewe mgongoni. Sasa nifike Ngara, nisimame mbele ya kijiji kizima na askari wakiwa barabarani, niganduke kwa desturi ya kule alikotoka baba, halafu mtu mmoja tu wa Ngara aliyeko huku apate habari. Nina mke. Nina mtoto wa meno mawili. Sina kazi nyingine ninayoijua duniani ila kushusha ndoo. Hicho ndicho ninachoogopa, na sasa umekiona kwenye karatasi.

Mvua imeanza huku. Si mvua ya kawaida. Juzi upepo ulikuja kutoka baharini ukiwa na joto kama pumzi ya mtu, kisha ikamwagika mchana kutwa. Barabara zimekatika, na huko bara wanasema mito inapanda. Bahari bado haijapoa, dada. Kila ndoo ninayotoa inaniambia yajayo ni mengi kuliko yaliyoanguka.

Barua hii itatambaa. Kesho asubuhi nakwenda posta kupiga simu ya maandishi. Simu hiyo mwonyeshe kila mtu, barua hii usimwonyeshe yeyote.

Anastazi


SIMU YA MAANDISHI
Tanga, 27 Oktoba 1997

THEODOSIA NTIRAMPEBA KUPITIA PAROKIA RULENGE
MIMI MWANA NATOA RUHUSA. JENGA. HAMISHA MAFIGA. USINGOJE. ANASTAZI


Murusagamba,
16 Novemba 1997

Anastazi,

Mimi ni mzima. Watoto ni wazima. Mgeni ana homa lakini anakula. Naanza na hao kwa sababu ndio unaowangoja.

Simu yako ilifika, lakini barua sijaiona. Katekista aliileta simu akiwa amelowa mpaka kwenye mifupa, maana mvua ilikuwa imeshaanza, na ilianza kama mtu aliyekasirika zamani. Siku za kwanza watu walicheza nje. Baba mdogo Ndikumana mwenyewe alitoka na sinia kukinga maji, akaniita, akaniambia bahari yako imefanya kazi nzuri. Wiki ya pili hakuna aliyecheza tena. Maharage yalioza yakiwa hayajatoka ardhini.

Nilimpelekea simu. Akaigeuza upande huu na upande ule, akitafuta sijui mkono wako. Akasema, "Jembe halichukuliwi kwa simu. Aje alishike." Nikamwambia maji yanapanda bondeni. Akasema maji hupanda na hushuka, lakini kifo kikishahamishwa hakirudi kilikotoka. Si mtu mbaya, Anastazi. Alikuwa analia wakati anasema hivyo. Anaamini anatuokoa.

Nilirudi nyumbani nikakaa. Nikalitazama jembe la baba pale juu ya mlango. Nilikuwa na hasira na wewe ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu yeyote. Kisha nikalitungua na kushuka nalo.

Kijito hakikuwa na kingo tena. Mafunjo yalikuwa yamelala. Aline alikuwa juu ya kitanda na watoto wake (naandika jina lake, nimechoka na "mgeni"), maji yanaramba mafiga. Nikamwambia twende. Akasema, "Dada, mafiga. Msiba." Akasema afadhali maji, maji angalau hayajui jina lake. Mtoto mkubwa alikuwa ananiangalia mimi, si mama yake.

Nikainama nikang'oa figa la kwanza. Sitakudanganya, nilingoja kufa pale pale. Sikufa. Nikang'oa la pili na la tatu, nikayatia kwenye kikapu, nikajitwisha, nikachukua mtoto mdogo, nikapanda bila kugeuka. Nilijua mama hawezi kukaa nyuma mwanawe akienda, na hakukaa.

Nyuma ya nyumba, ndani ya migomba, nikapiga udongo wa kwanza. Mimi, mwanamke. Nikasema, "Baba, mwanao wa kiume yuko baharini, leo huyu ndiye aliyepo." Nikachimba mashimo ya nguzo mwenyewe, mvua inanyesha yanajaa, nayakomba kwa sufuria, nachimba tena. Kibanda kimepinda, mbuzi angekikataa, lakini kimesimama.

Siku tatu baadaye nilishuka kuangalia. Hakuna kibanda. Hakuna shamba. Bonde zima limekuwa ziwa, kutoka mlima hadi mlima, na ng'ombe wa mtu anaelea. Ulisema kweli.

Baba mdogo hanijibu salamu. Wanawake wa jumuiya hawaji kwangu kusali rozari. Pombe sikupika, nani angekunywa?

Theodosia


Murusagamba,
14 Desemba 1997

Anastazi,

Barua yako ya Oktoba imefika sasa. Nimeelewa. Huhitaji kuniandikia tena juu ya hilo.

Wamemchukua Aline. Bondeni moshi wake ulikuwa unapotea ndani ya ukungu. Huku juu ulipanda wima, kila mtu akauona. Nani alisema sijui, na sitaki kujua, maana nitakutana naye kwenye komunyo. Askari walikuja wawili. Walikuwa na adabu, mmoja alimbebea mtoto mpaka kwenye gari kwa ajili ya tope. Aline hakulia. Aliniambia tu, "Umenitoa majini, dada," na sijui mpaka leo kama alikuwa ananishukuru.

Nilimfuata Lukole kwa miguu. Yuko mtaa ule ule wa foleni ile ya maji. Yule mtu yupo, nilionyeshwa kwa macho. Aline hatoki kwenye turubai, maji anateka mtoto, na mtoto anafundishwa kusema anaitwa jina lingine.

Niliingia naye ofisini kwao, amejifunika khanga mpaka machoni, kumwombea ahamishwe. Wakanisikiliza vizuri. Wakasema akija ndugu wa kiume, raia, mwenye vitambulisho vyake, akasema mbele yao huyu ni ndugu yangu kwa njia hii na hii, wanaweza kumpeleka mahali pengine, mbali na hapo. Mimi sina kitambulisho chochote isipokuwa cheti cha ubatizo. Wakaniuliza kama tuna ndugu kama huyo.

Nilisema hatuna. Nilisema baba yetu hakuzaa mtoto wa kiume. Nimekukana, mdogo wangu, mbele ya karani na mbele ya Aline, ili ubaki na mkate wako na mtoto wako. Aline alijivuta khanga usoni, hakunibisha.

Usije. Barabara zenyewe hazipitiki. Kaa na bahari yako.

Theodosia


Nyakahura, Biharamulo,
9 Januari 1998

Dada yangu, shikamoo.

Suzan na mtoto wapo kwa mama mkwe wangu Korogwe, wazima. Mimi niko hapa Nyakahura siku ya nne. Daraja la mbele limekwenda na maji, malori yamepanga mstari mpaka sokoni, mwenye mihogo ya kuchemsha anatupangia bei anayotaka. Nimelala juu ya magunia ya chumvi, tena ya Tanga, ndiyo imenileta. Barua hii anakuja nayo Mayunga, mchungaji wa hapa, ambaye anajua njia ya ng'ombe ya kuzunguka mto. Angenichukua na mimi leo, lakini mguu wangu umevimba tangu lori lilipotuangusha Kahama. Kesho kutwa nitamfuata, kwa fimbo.

Barua yako ilinifikia kabla ya Krismasi. Nilimsomea Suzan. Nilipofika pale uliposema baba hakuzaa mtoto wa kiume, nikashindwa, akaipokea akaimalizia yeye. Kisha akaanza kunifungia begi. Ni neno lake la kwanza kwangu baada ya wiki nyingi: "Utavaa shati lipi?"

Nimemweleza mkubwa wangu wa kazi ninakokwenda na kwa nini. Sikumficha. Alisema hawezi kuniahidi kiti changu nikirudi. Nilimwambia naelewa. Ndoo nimemkabidhi mwenzangu, nikamwonya asiamini kipimajoto kimoja.

Dada, nilijua mvua ile tangu ikiwa joto la maji tu. Nilikuandikia kuhusu upepo wa upande wa pili wa dunia na sikuwa na ujasiri wa kukuandikia jina la kijiji alikozaliwa baba. Nilikupandisha Aline mlimani kwa simu, mimi mwenyewe nikiwa pakavu. Aliyeonekana kwa moshi ule alipaswa kuwa mimi.

Jembe umeshalishika, na msiba umeondoka. Mwambie Baba mdogo Ndikumana kwamba mwana amesema hivyo kwa kinywa chake, na nitakuja kumwambia tena nikiwa nimesimama mbele yake. Lakini siji nyumbani kwanza. Naanzia Lukole. Nitaingia ofisi ile ile uliyoingia, nitamwambia karani kwamba dada yangu alimdanganya, amsamehe. Wakiniuliza Aline ni nani kwangu, nitasema ni binti wa dada wa baba yangu, tumbo moja. Wakiniuliza baba yangu alizaliwa wapi, sitasema Murusagamba.

Usinifuate kambini. Wewe huna kitambulisho, na mimi nikishasema hayo, sijui watakaporudi kuuliza wataanza na nani. Funga mlango, na wakibisha usiseme hatujuani.

Mdogo wako,
Anastazi, mwana wa Ntirampeba wa Ruyigi, Burundi